Mgomo ukinukia Tanga: ubaki na bima ya mwajiri, ujilipie NHIF, ukate CHF au utegemee mfuko wa tawi?

Mazungumzo ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mshahara na masharti ya kazi, yakikwama na watu wakaanza kuitaja kura ya mgomo, vikao vya tawi hujaa maswali ya mshahara. Mwezi huu tutalipwa? Siku za mgomo zitakatwa? Swali la kadi ya bima huja mwishoni, likiulizwa na mtu mmoja aliye na mgonjwa nyumbani, na mara nyingi hujibiwa juujuu. Naona lingepaswa kuulizwa mwanzo kabisa. Mshahara ukichelewa, mwenye duka la mtaani anaweza kukukopesha unga na sukari hadi mambo yatengemae. Mama anayesubiri kujifungua kwa upasuaji, mzee wa kisukari au mtoto wa selimundu mwenye kliniki Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, hawezi kungoja mpaka mwajiri na chama waelewane.

Nawaandikia wafanyakazi wa viwanda vya saruji na chokaa, wa bandari, wa mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, na wengine wa mkoa huu walio kwenye vyama vya wafanyakazi kama TUICO, TPAWU, DOWUTA au COTWU. Nalinganisha njia nne ambazo familia inaweza kutegemea kwa matibabu wakati kazi imesimama: bima ya mwajiri, kujilipia NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) na mfuko wa tawi. Zote zina faida na zote zina tundu. Inayomfaa kijana asiye na mke wala mtoto pale Makorora inaweza kumwumiza baba wa watoto wanne wa Pongwe.

Walio kwenye huduma muhimu hawaguswi sana na makala hii: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege, na usafiri unaotegemewa na huduma hizo. Kwao mgomo umewekewa kizuizi na mgogoro wao hupitia njia nyingine. Watumishi wa umma nao wana sheria yao ya majadiliano.

Sheria inaigusaje kadi yako

Tanga inaijua migomo tangu zamani. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939. Wafanyakazi wa shamba la mkonge la Mazinde waligoma mwaka 1958, miaka mitatu baada ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, kuundwa likiwa na Rashidi Kawawa kama katibu mkuu. Mtu wa mkonge wakati huo aliishi kambini, kwenye nyumba ya shamba, hivyo akigomea kazi alikuwa anamgomea pia mwenye paa lililo juu ya watoto wake. Sheria ya leo imeliona jambo hilo, na ndiyo maana naanza nayo kabla ya kutaja bei ya bima yoyote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakubali mgomo lakini imeuwekea ngazi. Mgogoro uwe wa kimaslahi, yaani mnadai kitu ambacho bado hamjapewa, kama nyongeza ya mshahara au posho ya nyumba. Haki iliyokwisha kuwapo na ikakiukwa huamuliwa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, au mahakama. Mgogoro wa kimaslahi upelekwe CMA. Msuluhishi ana siku 30, labda pande zote zikubaliane kwa maandishi kuongeza muda. Ikishindikana, chama kinaitisha kura kwa mujibu wa katiba yake, na wengi wa waliopiga wawe wameunga mkono. Kisha mwajiri anapewa notisi ya saa 48.

Mkizipanda ngazi hizo zote, kifungu cha 83 kinawakinga. Mgomo halali hauhesabiwi kuwa ni kuvunja mkataba, na mwajiri haruhusiwi kumwachisha mtu kazi kwa sababu ameshiriki. Mshahara wa siku ambazo hukufanya kazi halazimiki kuulipa. Lakini kifungu hichohicho kinamtaka aendelee kupeleka mchango wake na mchango wako kwenye mifuko ambayo sheria au mkataba unakutaka uwe mwanachama, pale ambapo kutopeleka kungekupotezea mafao ya ajira au ya hifadhi ya jamii. Kile alichokulipia kwa upande wako anaweza kukikata ukirudi kazini. Kama nyumba, chakula na mahitaji mengine ya msingi ni sehemu ya malipo yako, navyo haviondolewi kwa sababu ya mgomo, ingawa thamani yake inaweza kudaiwa baadaye.

Sasa fikiria mgomo wa ghafla, ule wa watu kukasirika asubuhi na kuweka zana chini. Kinga hii hauipati. Mwajiri anaweza kwenda mahakamani kuuzuia, na kushiriki kunaweza kuhesabiwa kosa la nidhamu. Ajira ikivunjika, kadi inaifuata. Kwa hiyo mtu anayesimama kikaoni na kusisitiza karatasi za CMA na kura ya siri anailinda dawa ya presha ya mama yako, hata kama wenzake wanamwona mwoga. Watu wa namna hiyo nawaheshimu sana.

Vigezo vya kulinganishia

Nimeipitisha kila njia kwenye maswali yaleyale matano. Nani analipa, na kiasi gani wakati mshahara haupo? Inaanza kufanya kazi lini? Unatibiwa wapi, na rufaa inafika hadi wapi? Nani nyumbani anabebwa? Na mgomo ukirefuka au ukitangazwa batili, inakuwaje?

Kabla hujatoa shilingi yoyote, kumbuka pia kuna huduma ambazo kwa sera ya serikali hazilipiwi kwenye vituo vya umma: huduma za wajawazito na za kujifungua, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, dawa za kifua kikuu na ARV. Kuna siku dawa haipo na unaandikiwa ukanunue nje, jambo ambalo kila mama wa Tanga analijua. Hata hivyo mtu wa ARV asilale macho wazi kwa hofu ya mgomo. Dawa yake haitegemei kadi ya kiwanda.

Njia ya kwanza: kubaki kwenye bima ya mwajiri

*Malipo.* Kwa NHIF kupitia mshahara, mchango ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi, nusu yako na nusu ya mwajiri. Mwenye mshahara wa 400,000 anachangia 12,000 kwa mwezi, na mwajiri 12,000. Mgomo halali ukichukua mwezi mzima, mwajiri anapeleka zote 24,000, kisha ukirudi anaweza kukukata 12,000 zako. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa matibabu leo na deni dogo namna hiyo baadaye.

*Kuanza.* Hakuna kusubiri. Kadi ni ileile.

*Mahali pa kutibiwa.* Hapa ndipo njia hii inapoziacha nyingine mbali. Kadi ya mchangiaji inapokelewa kwenye vituo vya umma, hospitali za mashirika ya dini na hospitali binafsi zenye mkataba na Mfuko, na rufaa yake inaweza kutoka Bombo hadi Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi.

*Wanaobebwa.* Mwanachama, mwenza wake na wategemezi hadi wanne.

*Mgomo ukiharibika.* Hili linahitaji maneno mengi, maana watu huumia hapa.

Hatari ya kwanza ni ucheleweshaji. Sheria inamtaka mwajiri apeleke mchango, lakini anayeketi kwenye kompyuta ni mhasibu, na mhasibu hupeleka anachoambiwa. Mchango usipofika, kadi inaweza kufungwa, na wewe unalijua hilo ukiwa dirishani na mtoto mgongoni. Haki unayo, lakini kuidai CMA kunachukua wiki kadhaa, na homa ya mtoto haisubiri shauri lisikilizwe. Ndiyo maana katibu wa tawi asiishie kuwaambia wanachama kwamba sheria ipo. Mtu akimuuliza, “Katibu, kadi ya mama watoto itasoma wiki ijayo?” jibu la kumfaa ni hili: “Itasoma, kaka, mchango wa mwezi huu umeingia, nimeona risiti kwa mhasibu. Wa mwezi ujao tumewaandikia barua, nao wamesaini kuipokea.”

Hatari ya pili ni ya wale ambao mwajiri amewakatia bima kwenye kampuni binafsi. Mkataba huo ni wa mwajiri na kampuni ya bima. Jina lako limo kwenye orodha tu. Maswali matatu yanaamua usalama wako. Bima inaisha tarehe gani? Ililipwa yote kwa mkupuo au kwa awamu? Awamu ijayo inaangukia lini? Kama ililipwa ya mwaka mzima na bado ina miezi saba, mgomo wa wiki tatu hauitikisi. Ikiisha katikati ya mgomo, mwajiri anaweza kusita kuihuisha, na wakili wake anaweza kubishana kwamba bima ya kampuni binafsi si “mfuko” unaotajwa kwenye kifungu cha 83. Mimi naamini hoja ya mfanyakazi ina nguvu pale bima ilipoandikwa kwenye mkataba wa hali bora. Lakini hoja yenye nguvu bado ni hoja, na hospitali inataka malipo. Mkataba wenu wa hali bora ukiwa unafunguliwa upya, dai moja la thamani kubwa na gharama ndogo ni sentensi inayosema kwamba bima ya afya ya mfanyakazi na wategemezi wake itaendelea wakati wa mgomo halali.

Watu wa mashamba wana jambo lao. Kwenye shamba lenye zahanati yake, mfanyakazi na familia hutibiwa papo hapo. Je, zahanati inaingia kwenye mahitaji ya msingi ambayo mwajiri haruhusiwi kuyaondoa? Nyumba na chakula vimetajwa wazi. Zahanati inahitaji makubaliano. Yapatikane kwa maandishi wakati wa usuluhishi, kabla hasira hazijapanda.

Njia hii inamfaa zaidi mwenye mgonjwa wa kudumu, mwenye familia ya watu watano au sita, na mwenye chama kinachofuata ngazi za sheria bila kuruka hata moja. Inamfaa kidogo aliye mahali ambapo mwajiri ana historia ya kuchelewesha michango hata siku za amani.

Njia ya pili: kujilipia NHIF mwenyewe

*Malipo.* NHIF ina vifurushi vya mtu binafsi na vya familia, kama Serengeti Afya na Ngorongoro Afya, na bei hutegemea umri na idadi ya watu. Mzigo wote ni wako. Hakuna mwajiri wa kubeba nusu, na unalipia mwaka ilhali mgomo huenda ukawa wa siku kumi. Kwa mtu ambaye mshahara unakaribia kusimama, hiyo ni hela nyingi kutoka kwa mkupuo.

*Kuanza.* Ulizia vizuri hapa. Vifurushi vya kujiunga kwa hiari huwa na muda wa kusubiri kwa baadhi ya huduma, na huduma hizo mara nyingi ndizo kubwa zinazomfanya mtu akimbilie bima. Ukilipa leo kwa ajili ya upasuaji wa mwezi ujao, unaweza kukuta upasuaji huo bado haujafunguliwa kwako. Nenda ofisi ya NHIF ya mkoa na jina la ugonjwa na majina ya dawa, uulize moja moja.

*Mahali pa kutibiwa.* Pazuri, na pana kuliko CHF, ila kifurushi cha bei ya chini kina mipaka yake ya hospitali na ya huduma. Usidhani kadi zote za NHIF ni sawa kwa sababu zina nembo moja.

*Wanaobebwa.* Uliyemlipia. Familia kubwa, bei kubwa.

*Mgomo ukiharibika.* Uzuri wake wote uko hapa. Kadi hii haijui jina la mwajiri wako. Mgomo uwe halali au uzuiwe na mahakama, ufukuzwe kazi au upandishwe cheo, ni yako mpaka mwaka uishe. Kwa mtu anayehisi kwamba mahali pake pa kazi hapana maisha marefu, utulivu huo una thamani.

Angalizo moja: ukiwa bado una kadi hai kupitia mwajiri, uliza kwanza utaratibu wa kuhama kabla ya kulipa. Si busara kulipia mara mbili kitu kimoja, na si busara kuifunga kadi nzuri ya mchangiaji kwa hofu ya mgomo ambao huenda ukamalizwa mezani pale CMA.

Inamfaa mfanyakazi wa mkataba mfupi, ambaye mkataba wake unaisha karibu na siku za mgomo, na mwenye akiba ya kutosha. Wanandoa wenye kipato cha pili nyumbani, tuseme mke ana duka la vitenge Barabara ya Kumi na Mbili, wanaweza kuimudu bila kuuza kitu.

Njia ya tatu: CHF iliyoboreshwa

*Malipo.* Kwa miaka mingi kaya ya watu hadi sita imelipa 30,000 kwa mwaka. Ni chini ya kile mwenye mshahara wa 400,000 anachokatwa NHIF kwa miezi mitatu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta mabadiliko kwenye mipango ya namna hii, kwa hiyo kabla ya kulipa muulize afisa mwandikishaji wa mtaa au ofisi ya halmashauri ni utaratibu upi na kiwango gani kinachotumika sasa.

*Kuanza.* Uandikishaji ni mwepesi. Mwandikishaji anakufuata mtaani na simu yake, anapiga picha wanakaya, mnalipa. Muulize kadi itaanza kutumika siku gani, na jibu hilo ndilo likupangie tarehe ya kulipa.

*Mahali pa kutibiwa.* Unaanzia chini: zahanati au kituo cha afya, kama Ngamiani, Makorora au Pongwe. Ukipewa rufaa unapanda hospitali ya wilaya, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Bombo. Muhimbili na KCMC haziko kwenye hesabu hii. Anayeruka ngazi akaingia Bombo moja kwa moja asishangae akiambiwa alipie.

*Wanaobebwa.* Kaya ya hadi watu sita. Muulize mwandikishaji kama shangazi anayeishi nanyi, ambaye huenda kwenye kadi ya mwajiri alikuwa hana nafasi, anaweza kuingia kwenye hao sita.

*Mgomo ukiharibika.* Haiguswi. Kama njia ya pili, haimjui mwajiri.

Nasikia watu wa viwandani wakiisema vibaya, kwamba ni bima ya wakulima. Sikubaliani nao. Malaria, homa ya mtoto, kuhara, jeraha la kushonwa, presha inayodhibitiwa na vidonge vya kawaida: hayo ndiyo magonjwa yanayozifikia nyumba nyingi ndani ya mwezi mmoja wa mgomo, na kituo cha afya kinayamudu. Lawama ya kweli ni dawa kukosekana dirishani, na hiyo inawagusa hata wenye kadi ghali wakienda kituo hichohicho. Asiyefaa kuitegemea CHF peke yake ni mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, mgonjwa wa saratani, na yeyote ambaye daktari wake yuko nje ya mkoa.

Njia ya nne: mfuko wa tawi au kikoba

*Malipo.* Vyama vingi hukata asilimia 2 ya mshahara kama ada. Wanachama wengi hudhani ndani yake kuna fungu la kuwatibu wakigoma. Iulizwe wazi kikaoni: katiba yetu inasema nini kuhusu mfuko wa mgomo, tawi linabakiwa na kiasi gani, na kuna shilingi ngapi benki leo? Kama jibu ni kimya, tawi linaweza kuanzisha mchango wake wa dharura ya matibabu mapema, au kutumia kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, na SACCOS zilizopo. Akiba haiozi, ila lazima iwepo kwanza.

*Kuanza.* Papo hapo. Usiku wa manane mweka hazina anatuma kwa simu, mgonjwa anapokelewa. Hakuna bima inayoishinda kwa kasi.

*Mahali pa kutibiwa.* Popote panapopokea fedha.

*Wanaobebwa.* Mnayekubaliana. Andikeni kabla: mfanyakazi tu au na familia, kikomo cha fedha kwa kila mtu, nani anaidhinisha, na ushahidi gani unaletwa. Bila maandishi, mfuko unaisha kwa wagonjwa watatu wa kwanza na urafiki unaisha nao.

*Mgomo ukiharibika.* Mfuko hauna uwezo wa ugonjwa mkubwa. Upasuaji mmoja wenye matatizo unaweza kuumaliza. Na mgomo ukirefuka, wachangiaji wote wamekosa mshahara kwa wakati mmoja, kwa hiyo mfuko unatoka tu bila kuingia. Hapo ndipo kikoba cha wafanyakazi wa sehemu moja kinapozidiwa na kikoba cha mtaa, chenye mwalimu, mvuvi wa Sahare na muuza samaki ndani yake.

Mfuko huu unafaa kama nauli, vipimo vidogo na dawa za kununua nje. Uwe wa kuongezea nguvu kadi yoyote uliyonayo.

Jambo moja la pembeni linaloulizwa sana: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huo huchangiwa na mwajiri peke yake, na unahusu ajali au ugonjwa uliotokana na kazi. Aliyeumia mashineni kabla ya mgomo anaendelea na dai lake. Aliyeteleza akienda mkutano wa wanachama siku ya mgomo asiutegemee. Na kwa kuwa sheria imekataza kukusanyika kuzuia lango na kumfungia mwajiri nje au ndani, anayefanya hivyo anaweza kupoteza ajira kwa mwenendo wake hata kama mgomo wenyewe ni halali.

Kulingana na hali yako

Mna mgonjwa wa kudumu au mama anayekaribia kujifungua kwa upasuaji, na kadi yenu ni ya mwajiri: ishikilieni hiyo, na nguvu zote ziende kwenye kuhakikisha michango imefika. Chukua dawa za kliniki ndani ya siku zile 30 za usuluhishi, mwombe daktari akuandikie za muda mrefu zaidi inapowezekana, na fanya vipimo vilivyokuwa vinasubiri. Zile siku 30 ni muda wako wa kujipanga. Saa 48 za notisi ni chache mno kwa lolote.

Bima yenu ni ya kampuni binafsi na inaisha karibuni: jua tarehe, liweke suala hilo mezani kwa msuluhishi, na pembeni mkate CHF ya kaya. Gharama yake ni ndogo kiasi kwamba isipotumika haitawauma.

Wewe ni kijana wa peke yako, mzima wa afya, mshahara mdogo: CHF pamoja na nafasi kwenye mfuko wa tawi inatosha. Usikopeshwe kwa riba ili ukate kifurushi cha gharama kubwa kwa hofu ya wiki mbili.

Mkataba wako unakwisha mwezi wa mgomo, au una sababu ya kuamini hutarudi kazini hata mkishinda: kujilipia NHIF kuna mantiki, ukianza mapema ili muda wa kusubiri upite ukiwa bado na kadi ya mwajiri au ukiwa umeshajua tarehe itakapofungwa.

Unaishi kambini kwenye shamba, mbali na mji: mtazame mgonjwa wako atafikaje hospitali, maana kutoka ndani ya mkonge hadi Muheza au hospitali ya Magunga, Korogwe, nauli ya bodaboda usiku ni tatizo kubwa kuliko kadi. Mfuko wa tawi uanze na usafiri, na CHF ibebe matibabu.

Na kama mwajiri wako hajawahi kukuandikisha bima yoyote, mgomo haukupotezei kadi. Sheria ya mwaka 2023 inamtaka mwajiri wa sekta rasmi amwandikishe mfanyakazi wake. Hilo ni dai la haki, halisubiri kura, na katibu wa tawi anaweza kuanza kulifuatilia wiki hii huku mazungumzo ya mshahara yakiendelea.